Nyundo Nyuma ya Duka la Jivraj

Juzi fundi wa mbao aliniletea meza, na ilikuwa bado inanuka yale mafuta ya kitani wanayopaka ili mbao isipasuke. Nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Hiyo harufu, wenzangu, ilinirudisha Nyeri, nyuma ya duka la Jivraj, wakati mama yangu alikuwa hamwamini mtu yeyote.

Jivraj alikuwa Mhindi wa kutengeneza cherehani. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na Wahindi wengi walikuwa wanaondoka. Leo duka liko wazi, keshokutwa lina kufuli, na wewe uliyeacha saa yako ndani unabaki ukiangalia mlango. Kwa hivyo mji mzima ulikuwa ukiwachunga vile paka huchunga shimo la panya.

Na cherehani ya mama ilikuwa kwa Jivraj. Hiyo cherehani ndiyo ilikuwa baba yetu, kwa maana baba mwenyewe alienda Nanyuki kutafuta kazi, na nafikiri bado anaitafuta. Mama alishona sare za shule, nasi tukala. Sasa sindano ikaanza kuruka: mshono mmoja unashika, mwingine unapita hewani. Jivraj akasema aiache mpaka kipuri kitoke Nairobi.

Ndipo tukaanza kusikia nyundo. Kila alasiri, nyuma ya duka, ko, ko, ko. Mama Gathoni, aliyeuza viazi ng'ambo ya barabara na kuuza habari pia, akamwambia mama, "Wanapigilia masanduku misumari, hao. Mama Nyambura, cherehani yako itavuka bahari na wewe hujafika hata Mombasa."

Cucu wangu, yaani nyanya, alikuwa na msemo: mgeni akianza kufunga mzigo, hesabu vijiko. Mama akanituma nikachungulie.

Niliweka jicho kwenye mwanya wa mabati. Sanduku sikuona. Niliona Manjula, binti ya Jivraj, msichana mkubwa mwenye nywele za kufika kiunoni, amekaa juu ya kigoda na ubao mpana katikati ya magoti. Aliugonga kwa nyundo ya mti, polepole, vile mtu hupiga mgongo wa mtoto acheue. Kisha akaupaka mafuta, akaugonga tena.

"Wewe jicho!" akasema bila kugeuka. "Ingia. Mbona unasimama huko kama askari?"

Nikaingia, nikauliza huo ubao umefanya nini.

"Ni wa kriketi. Ukiwa mpya ni laini. Usipougonga hivi siku nyingi, mpira wa kwanza unaupasua."

"Na utacheza na nani?"

Aliacha kugonga kidogo. "Hapa? Hapa vijana wa klabu wananiambia nilete chai."

Nikakimbia nyumbani. "Mama, anagonga ubao ili uwe mgumu."

Mama akaninusa mdomo. "Wamekupa peremende useme hivyo?"

"Hapana, mama."

"Ati mtu na akili zake anakaa mchana kutwa akichapa ubao ambao haujamkosea?" Akajifunga leso, akaenda.

Jivraj alimsihi. "Bado, mama. Kipuri kinakuja. Ukiichukua sasa, sindano itaruka tu."

"Irukie kwangu," mama akasema. Akaibeba mgongoni kwa ukanda wa kichwani, kama kuni, akakatiza mji mzima, na wanawake sokoni wakamshangilia.

Siku chache baadaye nyundo ikanyamaza. Basi la Nairobi liliondoka na Manjula, na sanduku lake moja juu. "Si tulisema!" Mama Gathoni akapiga makofi. Lakini asubuhi Jivraj alifungua duka. Na kesho yake. Akazeekea hapo hapo.

Msichana alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake huko India, ambako wasichana walikuwa ndio wanaanza kuwa na timu zao. Akacheza mpaka wakawa wanamtanguliza yeye kuingia uwanjani na kupiga. Jivraj alimweleza kila mteja, hata vile mpigaji hukimbia kati ya vijiti vilivyochomekwa uwanjani. Mama Gathoni alisikiliza, akatikisa kichwa. "Anakimbia mpaka kwa vijiti vile, halafu anarudi? Na harudi na kitu mkononi? Huyo mtoto anatuficha kazi yake."

Mama akipita, Jivraj alikuwa akiita, "Mama Nyambura! Kipuri chako bado ninacho!" Mama alitazama mlima. "Anaitaka tena," alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini. Akashonea sindano ya kuruka mpaka akafa.

Nilizaa wangu wa kike, nikamsindikiza kituoni anaenda mbali, ndipo nikaelewa. Tulikuwa tumetega masikio barabarani, kila mtu akihofia kitu chake. Jivraj alikuwa ndani, ukuta mmoja tu kati yake na ile nyundo, akisikia kila alasiri vile mtoto wake anavyojiandaa kumwacha, na hakumwambia anyamaze. Mama Gathoni hakukosea sana. Kulikuwa na kitu kinaondoka katika lile duka. Tulifikiri tu kwamba ni chetu.