Aliyebaki Kwenye Ploti Mchana

Nadharia niliyokwenda nayo mtaa wa Karagita unaweza kumweleza mtu yeyote kwa dakika mbili, na hiyo ni sababu moja iliyonifanya niipende. Inasema wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu cha kuibwa, na kukosekana kwa mtu wa kukiangalia kitu hicho. Haiulizi mwizi alilelewa vipi. Haiulizi kama ana njaa au kama baba yake alikuwa mlevi. Inauliza tu, mlikuwa wapi?

Sababu ya pili ilitoka nyumbani. Nikiwa darasa la sita, ng'ombe wetu wa maziwa aliibwa zizini sisi tukiwa kanisani. Kwa majuma mawili nilisikia watu wazima wakichambua ukoo wa jirani mmoja mpaka kwa babu yake, hadi jirani yule akahama na watoto wake. Ng'ombe hakupatikana, na jirani hakuwahi kushtakiwa. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, nikisomea uzamili katika taaluma ya uhalifu kule Njoro, nilipokutana na nadharia isiyogusa moyo wa mtu wala ukoo wake, niliona nimepata kitu safi. Nilidhani nadharia isiyomtaja mtu haiwezi kumuumiza mtu.

Karagita ilinifaa. Wakazi wengi hufanya kazi kwenye mashamba ya maua karibu na ziwa, na wezi walikuwa wakivunja vyumba mchana kweupe. Nilichagua ploti kadhaa, yaani nyua za vyumba vya kupanga, lakini moja ndiyo niliyoizoea zaidi. Ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati, na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Ikifika saa moja asubuhi, milango kumi na mmoja ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Watu walirudi saa kumi, wengine saa kumi na mbili.

Mlango wa kumi na mbili ulibaki wazi. Ulikuwa wa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, aliyekuwa amepanga pale kwa miaka mingi. Alikuwa akifunga maua kabla hajaanguka kutoka kwenye boda boda na kuumia mgongo. Tangu hapo alishinda nyumbani, mchana akikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akichambua mboga au akisoma Biblia. Mvua ikinyesha alianua nguo za ploti nzima, akazikunja, na kila mtu akirudi alikuta zake kwenye beseni.

Siku ya kwanza alinipa chai kabla sijamweleza nilichokuja kutafuta.

"Mimi ndio askari wa hii ploti," aliniambia. "Sina bunduki, lakini nina macho."

Alijua nani anaingia shifti gani, nani ana zamu ya Jumapili, mgeni gani amekuja kwa nani. Mengi niliyoandika mwezi ule yalitoka kwake. Ploti yake ilikuwa imevunjwa mara moja tu tangu mwaka uanze, na siku hiyo yeye alikuwa ameenda kliniki Nakuru. Usiku huo daftarini nilichora ramani ya vyumba, na cha kwake nikakizungushia duara. Ndani ya duara niliandika neno moja: mlinzi.

Mwezi wangu wa pili pale, keyateka, yaani mtunza ploti, mwanamume mpole aliyekuwa pia mwenyekiti wa nyumba kumi, aliniomba niwaeleze wapangaji nimeona nini. Nilifurahi. Walikuwa wamejibu maswali yangu kwa subira, na niliona ni haki yao. Tulikutana Jumapili alasiri, karibu na bomba. Yule mama alikaa kwenye kiti chake, mbali kidogo na wengine kwa sababu mgongo haukumruhusu kukaa kwenye benchi.

Niliwaeleza yale mambo matatu. Niliwaambia mwizi hahitaji kuwa mtu wa ajabu, anahitaji nafasi tu. "Anajua saa zenu," nilisema. "Anajua nani ametoka, na atarudi saa ngapi."

"Kwa hivyo ni mtu anatuona?" keyateka aliuliza.

"Ndiyo. Anawaona."

Wanawake wawili waligeuza shingo wakamwangalia yule mama kwenye kiti chake. Waligeuza na kurudisha, haraka sana. Siwezi kusema sikuona. Niliona, na neno nililoandika kwenye duara lilinijia mdomoni. Lakini nilikuwa nimeahidi kwa maandishi kwamba sitafichua niliyoandika kuhusu mtu mmoja mmoja, na nikajiambia kwamba kumtaja, hata kwa wema, ni kuvunja ahadi. Nikaendelea kuzungumzia kufuli nzuri na taa. Watu walinishukuru.

Alhamisi iliyofuata vyumba viwili vilivunjwa. Mtungi wa gesi ulichukuliwa, na televisheni, na blanketi jipya. Yule mama alikuwa ndani kwake amelala. Alikuwa amemeza dawa za maumivu ambazo humlegeza.

Mimi nilifika Jumamosi asubuhi bila kujua lolote. Kiti cha plastiki hakikuwepo. Mlango wake ulikuwa wazi, chumba kitupu, sakafu imefagiliwa. Nilimkuta keyateka akikaza bawaba ya mlango mmoja uliovunjwa.

"Mama ameenda wapi?"

Hakuinua kichwa. "Tulikaa chini jana, sisi wote. Hatukumpiga, madam. Nataka ujue hivyo. Tulimwambia tu aende."

"Nani alisema ni yeye?"

Hapo aliniangalia, na nadhani alishangaa kweli. "Wewe ndio ulitufungua macho. Ulisema ni mtu anajua saa zetu. Sasa nani mwingine hapa anajua saa zetu?"

Nilianza kumweleza kwamba kujua si kuiba, kwamba ploti ilikuwa salama kwa sababu ya macho ya yule mama, kwamba nadharia yenyewe inasema kinyume kabisa. Nilieleza vizuri, pengine vizuri kuliko siku ile ya Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Hiyo ungesema Jumapili," akasema.

Nilirudi Njoro nikamweleza msimamizi wangu kila kitu, pamoja na zile shingo mbili zilizogeuka. Hakunigombeza. Aliniambia niandike ripoti kwa kamati ya maadili siku hiyo hiyo, na nisikanyage tena ploti ile mpaka nijibiwe. Kisha akasema kwamba watu hawapokei nadharia wakiwa mikono mitupu. Kila mtu tayari ana yake kuhusu mwizi ni nani, na ya mgeni huongezwa juu ya hiyo. Niliandika maneno hayo nikayasahau kwa wiki kadhaa, kwa sababu aibu ilikuwa kubwa hata nisiweze kufikiri.

Nikiwa nasubiri kamati, mpangaji wa ploti ya jirani alinipigia simu kunipa habari. Ile ploti ilikuwa imevunjwa tena. Baada ya siku kumi, tena. Kisha mara ya tatu. Mchana wote hapakuwa na mtu.

Nilifungua kompyuta nikaweka tarehe hizo kwenye jedwali. Kabla mama hajafukuzwa, mara mbili, na zote mbili macho yake hayakuwepo: mara moja alikuwa kliniki, mara moja amelala. Baada ya kufukuzwa, mara tatu mfululizo. Sijawahi kupata matokeo yaliyonyooka vile. Na lazima niandike hapa jambo ambalo sikumwambia hata msimamizi: nilifurahi. Haikuzidi pumzi moja au mbili, lakini ilikuwa furaha halisi, ya mtu aliyethibitishiwa kwamba alikuwa sahihi. Halafu nikakumbuka ushahidi huo ulipatikanaje, nikafunga kompyuta nikatoka nje.

Kamati iliniruhusu kumtafuta ili nimwombe msamaha. Alipokea simu nilipopiga mara ya kwanza. Alikuwa Lanet, karibu na Nakuru, kwa mdogo wake, katika nyumba mpya ambayo ukuta wa nje ulikuwa bado haujapigwa plasta. Nilipofika alinikaribisha sebuleni. Safari hii hapakuwa na chai, na nilishukuru.

Nilisema niliyokuja kusema. Alinisikiliza akiwa ameshika magoti yake.

"Kwa hicho kitabu chako," aliuliza, "mimi ni nani?"

"Mlinzi, mama. Nimeandika mlinzi."

"Umeandika lini?"

"Siku ya kwanza."

Alitikisa kichwa polepole. "Kwa hivyo hiyo Jumapili ulikuwa umeshaandika."

"Ndiyo."

"Ukaona wakiniangalia."

"Niliona."

"Basi ulijua, ukanyamaza." Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga vitu mahali pake. Kisha akateremsha sauti, kwa sababu mdogo wake alikuwa jikoni. "Huyu mdogo wangu hajaniuliza kitu. Hata siku moja. Lakini wiki jana amenunua kufuli ya chumba chake cha kulala."

Darasani tulifundishwa kuhusu jina ambalo jamii humbandika mtu, na jinsi linavyomtangulia kila aendako. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa mada hiyo. Nilikaa pale kwenye sofa nisijue pa kuweka mikono.

Nilimuuliza ningeweza kumfanyia nini. Alitaka mambo mawili. La kwanza, nirudi Karagita niseme mbele ya watu walewale. La pili, nimwondoe kwenye kitabu. "Niondoe kabisa," alisema. "Hata huyo mlinzi sitaki kuwa."

La kwanza nililifanya kwa idhini ya kamati. Wapangaji saba walikuja. Niliwaambia yule mama hakuwa na kosa lolote ninalolijua, na kwamba mimi nilikuwa na jambo la kusema siku ile nikalificha. Mmoja wa wale wanawake wawili alifuta macho kwa ncha ya leso. Mwingine aliuliza kama wamrudishe, lakini chumba kilikuwa tayari kimepangishwa kwa kijana na mke wake, ambao nao hufanya kazi mchana.

"Sasa mwizi ni nani basi?" keyateka aliuliza.

"Sijui," nilisema.

Watu wakaondoka mmoja mmoja kwenda kupika.

La pili lilikuwa gumu zaidi kuliko nilivyotarajia. Kumwondoa yeye kulimaanisha kuiondoa ploti yote, na pamoja nayo lile jedwali. Msimamizi alisema uamuzi ni wangu. Nilifuta. Tasnifu niliyowasilisha ilikuwa nyembamba, na mmoja wa watahini aliandika pembeni kwamba hoja yangu kuhusu walinzi wa mchana inavutia lakini haina ushahidi wa kutosha. Alikuwa na haki ya kuandika hivyo. Nilisahihisha nilichotakiwa kusahihisha, nikahitimu.

Siku hizi ninafundisha nadharia zilezile. Wanafunzi huniuliza ipi ni bora, nami huwaambia kila moja inaona kitu ambacho nyingine haikioni, jibu ambalo ni la kweli na halimtoshelezi mtu. Baadaye huwauliza: mkishamweleza mtu nadharia hii, ataenda nayo wapi? Wengi hudhani ni swali la mtihani.

Yule mama alihama kutoka kwa mdogo wake, akapanga chumba chake hukohuko Lanet. Mimi humpigia simu mara mojamoja. Kuna siku hupokea, tukazungumza kuhusu mgongo wake na wajukuu, naye hunikatiza akisema ana kazi. Kuna siku simu huita mpaka ikate. Tangu Pasaka hajapokea, na sijui kama ni mtandao, au ugonjwa, au amechoka na mimi.