Tatu kwa Moja, Siku ya Maombi ya Cherotich

Nitawasimulia kwa sababu Chepseon nzima ilishaongea ikachoka, na ni afadhali msikie kwangu. Yule mama mwenye uso mwekundu aliyekaa mstari wa tatu kwenye maombi ya watahiniwa, ambaye wengine wenu mliambiwa amelipukiwa na gesi, alikuwa mimi. Na gesi sina, napikia kuni.

Cherotich ni mdogo wangu wa mwisho. Tangu mama atuache (baba alikuwa ametangulia) mikutano yake yote ya shule naenda mimi, na shida ni ile ile. Niko na miaka ishirini na tano lakini mwili wangu ulisimama kidato cha pili, pale pale masomo yangu yaliposimama. Muhula uliotangulia naibu wa mwalimu mkuu, mtu mrefu wa kuongea polepole, alinisimamisha kwenye lango.

"Wewe, sare yako iko wapi?"

"Mwalimu, mimi ni mzazi."

"Kaite mzazi."

Cherotich alikuwa hapo, akaangalia viatu vyake.

Sasa siku ya maombi, mnajua, kila mtahiniwa anasimama na mzazi wake, mzazi anamwekea mikono mabegani, mhubiri anawaombea kabla ya mtihani, na asiye na mtu anawekewa na mwalimu yeyote aliye karibu. Mimi mwenyewe niliacha shule kabla ya kuifikia siku hiyo. Kila mwaka nilikuwa nasikia nyimbo zikitoka shuleni nikiwa katikati ya majani chai, na mikono yangu inasimama yenyewe. Nikaamua kwamba Cherotich hatawekewa mikono na mwalimu wakati mimi niko. Ilibaki tu nionekane mtu mzima.

Ndiyo nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza vipodozi juu ya gunia. Akanipa kitu kama kipande cha mshumaa ndani ya kifuniko, bei yake si hata ya kilo ya nyama.

"Hii ni tatu kwa moja, mrembo. Midomo, mashavu, macho. Ya kila siku. Hata ukienda kuchuma unapaka."

"Urembo sitaki. Nataka kuonekana mama."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Basi chukua hii nyekundu. Hii ina watoto wanne."

Nilicheka, lakini niliichukua kwa sababu nyingine. Mama alikuwa na lipstiki moja ya Jumapili, anapaka midomo, halafu anachukua kidogo kwa kidole anagusa mashavu, mara moja huku, mara moja huku, na sisi tunajua sasa tunaenda kanisani. Hiyo ndiyo sura ya mtu mzima ninayoijua. Lipstiki yenyewe nimeitafuta mpaka ndani ya mikebe ya sukari, sikuipata.

Siku ilipofika niliamka nikachuma kwanza, nikapeleka majani yakapimwa, nikarudi mbio. Baridi ilikuwa ile yetu, na ile rangi ilikuwa ngumu kama sabuni ya kufulia, inavuta ngozi tu. Sasa sisi watu wa ng'ombe tunajua mafuta ya aina moja, yale ya kukamulia, ambayo yakiganda unaweka mkebe kando ya moto, unachota, unasugua viganja viwili na kujipaka mpaka masikioni. Hivyo ndivyo nilivyoifanya ile rangi (midomo, mashavu, macho, na paji la uso kwa sababu ilikuwa imebaki). Jikoni kwangu dirisha ni dogo na kioo kimekula moshi. Nilijiona nina joto kidogo usoni, nikafurahi.

Njiani jirani yangu aliniangalia sana. "Chelangat, unaenda hospitali?"

"Naenda shule."

"Haya. Enda tu polepole."

Kwenye lango askari akasema, "Pole sana, mama." Mama. Nikatembea kama nimeongezwa urefu. Mwanafunzi akaniletea kiti, "Pole, mama." Mzee mmoja akanipisha, "Pole, mama." Nikasema moyoni hii kitu inafanya kazi kweli, mpaka mwalimu mmoja wa kike alipoinama na kikombe cha maji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hapo umechomeka umeweka dawa gani?"

Mzazi wa kando yangu akafungua kamera ya simu akanigeuzia.

Nilijiona. Nikaanza kupangusa kwa viganja, na ukumbi ulikuwa na joto la watu, jasho linashuka, nikipangusa inaenda shingoni, nikipangusa inaenda kwa kola. Wakati huo huo mhubiri akasema wazazi wasimame na watoto wao. Nikamwona naibu anapita kati ya mistari, anatafuta wasio na wazazi. Nilitazama viganja vyangu. Nikatazama blauzi nyeupe ya Cherotich. Naibu akabakisha watu wawili atufikie.

Niliweka.

"Chela, mikono yako iko na nini?"

"Omba."

"Inalowesha."

"Funga macho uombe."

Naibu akasimama mbele yetu. Aliangalia uso wangu, akaangalia yale mabega. "Huyu yuko na mtu wake," akasema, akaenda kwa mwingine.

Maombi yalikuwa marefu na sikusikia hata sentensi moja. Nilikuwa nimeshika mabega ya mama. Ni yale yale, membamba, yameinuka kidogo upande wa kushoto, na sikuwa nimeyashika miaka sita.

Tulipotoka nje kupigwa picha, migongo yote ilikuwa myeupe isipokuwa mmoja. Msichana mmoja akaita, "Cherotich, umepigwa muhuri?"

"Ndiyo. Wewe wako amekuacha hivyo hivyo?"

Blauzi niliifua mara tatu, ikabaki na rangi ya waridi. Mtihani wote aliufanya na sweta, hata mchana jua likiwaka. Mimi nimeapa sitapaka tena kitu kipya asubuhi ya shughuli, wala kukiyeyusha kwa moto, wala kujiangalia kwa kioo cha jikoni. Ukijipaka, toka nje kwenye mwanga, na kabla hujavuka lango uulize mtu wa nyumbani kwako, niko sawa? Asubuhi ile nilijiuliza mwenyewe, kwa sababu Cherotich alikuwa shule na nyumbani hakukuwa na mwingine. Rangi ilitoka baada ya siku mbili.