Upande wa Kulia Ukija Juu

Fundi aliyenifundisha kushika mkasi kafariki Jumatatu iliyopita, kabla ya adhuhuri, kitandani kwake ghorofani huku Mji Mkongwe, na blauzi aliyokuwa kaivaa nimeishona mie. Nnalisema mapema kwa mdomo wangu, mana najua nusu ya mji mshalisikia, na mlivyolisikia sivyo. Wiki hii katika safu yangu hamna habari za maji wala umeme. Mwenye kutaka hayo afungue ukurasa mwengine.

Kwa msiomjua, alikuwa mjane, mtu mzima lakini si kikongwe, wa kizazi cha Waarabu waliokuwa na mashamba yao zamani na sasa wana cherehani. Akikaa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, wanawake wawili katika nyumba yenye vyumba vya watu ishirini. Mie nilimwendea kutoka kwetu Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nina miaka kumi na saba, mdomo umenitangulia, nkamwambia nataka kujifunza. Sikusomea ushoni, kama nisivyousomea huu uandishi. Akanitazama kuanzia bega hili mpaka bega lile, akauliza, "Ukishika sindano kelele zako hupungua au huzidi?" Nkamwambia sijui. "Basi kaa. Tutajua sote."

Sifa yake ilikuwa blauzi za kupishana, zile ambazo upande mmoja wa kifua unapanda juu ya mwenziwe kisha zinafungwa kwa kamba ubavuni. Akizitoa kwenye magauni na fulana kubwa kubwa za kafaulaya anazochagua sokoni Darajani, zile nguo kuukuu ambazo sote tumekua tukiambiwa wenyewe wamekufa huko Ulaya ndio zikaja kwetu. Akiifua nguo, akiianika kutwa nzima, halafu kabla hajatia mkasi anaiambia, kweupe, bila ya haya, "Mwenyewe uturuhusu." Mara ya kwanza nilicheka mpaka nkakaa chini. Hakunikemea. Alilitandaza gauni la kitambaa cha fulana juu ya meza akanionyesha mkono wa kushoto. Gauni tupu, halina mtu ndani, lakini pale kiwiko kinapokunjwa pametuna, kama kwamba kuna aliyeegemea meza akitusikiliza. "Khanga ukiipiga pasi inasahau," akasema. "Kitambaa cha fulana hakimsahau mtu." Nikanyamaza. Siku ile ndiyo alipojua kwamba kelele zangu hupungua.

Basi alinifundisha kukata bila ya kuvuta, mana kitambaa hiki ukikivuta chini ya mkasi kinarudi kidogo kuliko ulivyokata. Alinifundisha kutia utepe wa khanga kwa ndani ya shingo ili isilegee na kukuacha kifua wazi mbele za wakwe. Alinifundisha tundu. Upande wa ndani wa blauzi kamba yake hutokea kwenye tundu la ubavuni, inazunguka mgongoni, inakutana na ya pili. Tundu ndilo linaloamua. Ukiliacha ubavu wa kushoto, upande wa kushoto ndio unaokuja juu. Ukiliacha ubavu wa kulia, kulia ndiko kunakokuja juu. Na yeye, katika miaka yote niliyomjua, hakuacha tundu ubavu wa kulia hata mara moja.

Sababu ni kazi yake ya pili, ile isiyokuwa na kibao mlangoni. Akifa mwanamke mtaani, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kukata sanda. Na maiti anapokunjiwa sanda, huanzwa upande wa kushoto, kisha wa kulia ukaja juu yake, ukafungwa kwa vitambaa vilivyochanwa pale pale. Mkono uliokunja hivyo asubuhi hauwezi kukunja hivyo jioni kwa bibi harusi. Hivyo ndivyo alivyoona. Nakumbuka msichana mmoja alikuja na picha aliyoikata kwenye jarida. "Bi Mkubwa, mbona yangu imepishana kinyume? Tazama picha." "Naiona." "Hii ndiyo fasheni!" "Fasheni ya walio hai nshakukatia," akamjibu, pini bado mdomoni. "Ile nyengine nikikukatia hutorudi kuja kuisifu." Msichana alishuka ngazi mbio, na pini zangu nne mgongoni.

Mie nliona ushirikina mtupu. Nshasoma vijitabu vyangu viwili vitatu, nshajiona mwanachuoni. Nkasema huyu mama atawakosa wateja, na wasichana wataishia kununua blauzi za dukani zilizoshonwa na watu wasiowahi kuwaona. Nlitaka kumwonyesha kwamba nguo ni nguo. Mwaka huu karibu na Idi nkachukua gauni la kafaulaya la rangi ya kahawia, nkalikata nyumbani kwetu, nkatia utepe wa khanga shingoni, mikono nkaifupisha mpaka chini kidogo ya kiwiko, kama anavyopenda yeye. Tundu nkaliacha ubavu wa kulia. Makusudi. Nkampelekea siku ya Idi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Mkono wa Idi huo."

"Marahaba, mwanangu." Akaifungua. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye tundu, kikakaa pale. Barazani chini watu wanacheka. "Umeishona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mashaallah. Shingo haikuvutika."

Basi. Nilijiandaa kwa ugomvi mzima, nkapewa sifa, nkarudi nyumbani nimeshinda. Siku ya pili nkamkuta kaivaa, na mishono yote iko nje, nyuzi zinaning'inia, utepe wa khanga unaonekana shingo nzima. Nkaangua kicheko. "Bi Mkubwa, umegeuza nguo! Macho hayo yanakwenda wapi?" Akasema, "Naam, mwanangu. Nimegeuza," akaendelea kuzungusha cherehani. Akaivaa vivyo hivyo zaidi ya miezi miwili, na mie kila nikimkuta nnacheka, na Ng'ambo nkawahadithia wenzangu kwamba fundi wangu keshaanza kuzeeka. Haya ndiyo mapenzi yangu hayo, mie ninayepigana na watu kwa ajili yake.

Jumatatu nilipofika nilikuta keshafariki, bado hawajamvua kwa kumuosha. Alikuwa kalala chali, kajinyoosha, mikono imekaa vizuri, na blauzi yangu imelala sawasawa. Mishono ndani. Upande wa kulia juu. Kamba imefungwa ubavuni fundo moja, la kufunguka kwa kuvuta. Nyuma yangu jirani mmoja akamnong'oneza mwenziwe, kwa kunong'ona kule kwa kutaka kusikiwa, "Mwanafunzi wake kamvisha sanda angali hai." Nligeuka nkamwambia maneno ambayo gazeti hili halitayachapa, maiti akiwa pale pale. Wakanitoa nje. Najuta mahala niliposemea, maneno siyajutii. Lakini kule nje, nimeegemea ukuta wa ngazi, nlijua kwamba yule mwanamke alikuwa kasema kile kile nilichokuwa nnakisema mie ndani ya kifua changu. Nikifumba macho naliona tundu, na kidole chake juu yake.

Baada ya hitma wifi yake akaniita chumba cha cherehani. Nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa tayari kutolewa sadaka. Blauzi ya kahawia ilikuwa mbali na nyengine.

"Unajua kwa nini akiivaa ndani nje?" akaniuliza.

"Macho, mama."

"Macho! Macho yake yalikuwa yakitunga uzi kwenye sindano kushinda yako weye. Igeuze."

Nikaigeuza ndani nje, nkaitandaza juu ya meza. Na nyie mlio na blauzi kama hii nyumbani hebu fanyeni, mtaona. Tundu lilihama. Likawa ubavu wa kushoto, na upande wa kushoto ukaja juu. Kumbe kaivaa zawadi yangu kila siku asinivunje moyo, na desturi yake hakuivunja, na kicheko changu kakimeza miezi miwili bila ya kunijibu.

"Sasa Jumatatu?" nkauliza. "Mbona Jumatatu ilikuwa sawa?"

Wifi yake aliinyoosha shingo ya blauzi kwa kiganja. "Jumatatu aliamka akaoga, akasafisha meza yake. Nkamuona anaigeuza. Nkamwambia, wifi, leo mbona hivyo? Akanambia, 'Leo naivaa kama mwanangu alivyoishona.' Akaenda kujinyoosha. Hakuwa na homa, hakuwa na chochote."

Nkaweka kidole changu juu ya tundu.

Sijui alijuaje, na sitojifanya najua. Nimepita Darajani juzi, nkaona blauzi za kupishana zimetundikwa dukani safu nzima, mpya, zote kulia juu, na wasichana wanazinunua, na hawatokufa kwa hilo. Blauzi haiui. Ninaloliogopa ni jengine. Mwanamke yule alikuwa akimtazama mtu bega mpaka bega kabla ya kumkatia, na mie niliyekaa naye mkono kwa mkono nliona mishono nje, nkaona nnachotaka kukiona. Sikuuliza neno moja: kwa nini? Ukiona mtu unayempenda anafanya jambo kinyume, kabla hujacheka, muulize. Mimi nilikuwa na miezi miwili ya kuuliza.

Blauzi nimepewa mie. Nimeivaa sasa hivi ninapoandika. Kiwiko cha kushoto kimetuna, si changu, mie nnaegemea mkono wa kulia. Mishono iko nje. Asubuhi Darajani muuza ndimu mmoja kanipigia kelele, "Dada, umegeuza nguo!"

"Naam," nkamwambia. "Nimegeuza."