Mrina Asali Aliyetaka Mashine ya Kushukia

Ukungu bado umelala kwenye nyasi, na Mama Moshi tayari amekasirika. Anaizunguka pikipiki yake ya magurudumu manne, akifinya tairi moja baada ya jingine kwa kidole gumba kama anayechagua embe sokoni. Tairi la nyuma limejazwa upepo kupita kiasi, na aliyelijaza anamjua.

"Mkono wa mtu huyu hautulii," anasema bila kugeuka.

Mtu huyu ni mumewe, dereva mstaafu wa lori ambaye hata watoto wake humwita Dereva. Amesimama nyuma kidogo na panga lake, anatazama juu ya mti kana kwamba amesikia ndege. Anajitetea kwamba tairi gumu halili mafuta. Mkewe anamjibu kwamba tairi gumu hurukaruka juu ya mizizi kama mpira, na huko waendako hakuna lami, kuna mizizi. Anafungua kiziba na kutoa upepo taratibu. Analifinya tena kwa kidole gumba, anafunga kiziba.

Kisha anafunga ndoo tupu kwenye keria ya nyuma, anaweka bomba la kufukizia nyuki kwenye keria ya mbele, anavaa vazi lake jeupe na kuwasha mashine. Dereva anafuata kwa miguu.

Mama Moshi ni mrina asali. Mizinga yake imetundikwa mgongoni mwa kilima, mwisho wa kinjia kinachopinda katikati ya miti na majabali. Aliirithi kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa na watoto wa kiume watatu, wote wakikimbia nyuki. "Mjomba alisema mzinga hauulizi kama wewe ni mume au mke," anakumbuka. "Unauliza kama umekuja na moshi."

Msimu ukiwa mzuri, mizinga hutoa ndoo ishirini. Ndoo hizo ndizo zilizosomesha watoto wao kila lori la Dereva lilipolala gereji, na lori lile, kwa maneno ya mkewe, lilikuwa na usingizi mzito.

Kazi yenyewe ina kinyume chake. Mchuuzi huondoka nyumbani na mzigo akarudi mikono mitupu, ila mrina hupanda mtupu na kushuka amebeba. Mlima haumtesi anapokuwa na pumzi. Unamngojea arudi, goti linatetemeka, ndoo kichwani, nyingine mkononi, na chini ya nyayo ni majani yaliyolowa.

Msimu mmoja goti lilikataa. Aliteleza kwenye mteremko wa majabali, na ndoo zikamtangulia bondeni. Dereva alikuwa anapanda kumpokea. Alimkuta ameketi katikati ya asali, mguu umepinda, na siafu wanakuja kwa mstari kama walioalikwa.

"Alicheka kwanza," anasema Mama Moshi. "Halafu ndipo akaniuliza kama nimeumia. Angeanza na swali, kicheko ningekisamehe."

Hajakisamehe. Na lililofuata lilikuwa baya zaidi. Akiwa bado kitandani na mguu juu ya mto, jirani yao mwenye mbuzi alikuja kumpa pole, akaketi, akasifu chai, kisha akauliza kwa upole ni masega mangapi huachiwa nyuki wakati wa kurina. Mama Moshi akashangaa mfuga mbuzi anataka kujua hilo la nini. Kumbe Dereva alikwisha kumwahidi mizinga yote, kwa sharti awape wao sehemu ya asali kila msimu, na mama watoto apumzike.

"Nilikuwa naumwa goti, si kichwa," anasema. "Mtu anakugawia mali yako ukiwa umelala, halafu anakuita upumzike."

Nyumba ikawaka. Dereva naye hakuwa na la kuficha tena, akasema wazi kwamba umri umekwenda na mlima haujui kuzeeka. Mkewe akamjibu kwamba atanunua mashine ya kumbebea. Watoto wakaingizwa kwenye simu, kila mmoja akawa hakimu. Mwisho wakakubaliana hivi: Mama Moshi atauza akiba yake ya asali na nta, atafute mashine. Mavuno yakifika na asali ikashuka salama bila kupita kichwani mwake, mizinga itabaki yake. Isiposhuka, jirani aje na ngazi.

Walikwenda pamoja kwenye yadi ya kuuzia mashine, yeye na fimbo yake, Dereva na miwani yake ya jua. Ilikuwa uwanja wa changarawe wenye kibanda cha bati, na chini ya turubai zilipangwa pikipiki za magurudumu manne. Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope. Alimpita Mama Moshi kama anavyopita nguzo, akaenda kumshika Dereva mkono.

Moja ilikuwa nyekundu, fupi, ya kushindania. Nyingine nyeusi, kubwa, yenye taa kama macho ya mamba. Ya tatu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili, umbo la sanduku, keria pana mbele na nyuma, imesukumwa ukutani na juu yake mtu ameanika kitambaa cha kufutia.

Muuzaji aliisifu nyeusi. Akataja nguvu zake, mwendo wake, jinsi inavyoruka mitaro.

"Mzee, hii inapanda ukuta," alisema.

"Na inashukaje?" Mama Moshi akauliza.

Kijana akacheka, akamtazama Dereva kwanza, kisha yeye. "Mama, kushuka kila kitu kinashuka."

"Kweli. Hata mimi nilishuka. Muulize goti langu."

Dereva alimwomba amwachie mambo ya injini, yeye ashughulike na asali. Mama Moshi anasimulia kwamba hapo fimbo iliinuka yenyewe, akairudisha chini kwa sababu ya watu. Alitamka neno moja tu: hatoi pesa mpaka mashine ipande na kushuka kwenye njia yake mwenyewe, na ndoo zimejaa maji. Muuzaji, aliyekuwa anaona wateja wanaponyoka, akakubali kuleta mbili kwa pikapu, ile nyeusi na ile ya rangi ya maziwa, zijaribiwe.

Siku ya siku pikapu ilifika na nyeusi peke yake. Dereva alikuwa amempigia muuzaji pembeni, wakamalizana wanaume kwa wanaume.

Mama Moshi hakupiga kelele. Wanaomfahamu wanasema kelele zake hazina madhara, cha kuogopwa ni kimya. Alivaa vazi lake jeupe, akashika fimbo, akaanza kupanda mlima kwa miguu, polepole, bila kumtazama mtu. Ndoo za maji zikafungwa kwenye keria. Dereva akaketi juu ya dude lile, shati jeusi, miwani usoni, akampita mkewe njiani akiwa amemwinulia mkono.

Na kweli ilipanda. Ilipanda mizizi, ikapanda majabali, ikanguruma mpaka mizingani. Hapo penye jiwe bapa, ambapo mrina yeyote husimama na kuwasha moshi kabla ya kusogea, Dereva hakusimama. Aliegesha chini kabisa ya mzinga mkubwa, akavuta mafuta mara mbili tatu ili mkewe huko nyuma asikie.

"Nyuki wana vitu vitatu wasivyovipenda," anaeleza Mama Moshi. "Kitu cheusi, kitu kinachonguruma na kitu kinachonuka. Alivipeleka vyote vitatu mlangoni kwao, na yeye mwenyewe akiwa wa nne."

Kilichoshuka kilima siku ile kilikuwa Dereva, kwa miguu, na kwa mwendo ambao lori lake halikuwahi kuufikia. Muuzaji alipandisha vioo vya pikapu akakaa ndani na joto lake. Mama Moshi alimkuta mumewe nyuma ya kichaka, akamfunika kwa shuka, akamkwangua miiba kwa ukucha. Alimuuliza kwanza kama ameumia sana. Aliposikia kwamba atapona, ndipo akacheka. Anapenda msomaji aelewe mpangilio huo.

Uso ulivimba mpaka simu yake ikakataa kumtambua.

Lakini kicheko hakikudumu. Nyuki wa mzinga ule mkubwa, waliokuwapo tangu enzi za mjomba, walihama siku chache baadaye. Asubuhi moja alipanda akaukuta kimya, masega yamebaki na mchwa. Anaposimulia hilo huacha utani, na mikono yake hutafuta kitu cha kushika.

Je, hakumwonya mumewe kuhusu lile jiwe bapa?

"Hakuniuliza," anasema upesi. Kisha anaongeza: "Na mimi nilikuwa nimenuna. Mtu akinuna ulimi unalala. Fahali wawili tumepigana, zikaumia nyasi zangu mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe."

Siku ile ya majaribio mashine nyeusi ilibaki mlimani, na mtu wa kuishusha hakupatikana. Muuzaji alisema yeye ni wa mauzo. Mama Moshi alisubiri jioni nyuki walipotulia, akaisukuma mpaka mbali na mizinga, akaketi. Maishani mwake hakuwa ameendesha chochote zaidi ya cherehani ya dada yake. Alibonyeza mafuta kwa kidole gumba, kidogo, kama anayeonja uji wa moto.

Kwenye mteremko aligundua alichokuwa anakiulizia yadini. Mashine ilijiachia. Injini haikuishika hata kidogo, ndoo za maji zikaisukuma kwa nyuma, na breki zikaanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Alishuka hivyo, vidole vimekufa ganzi kwenye breki, akiitukana mashine, muuzaji, mume, na goti lake mwenyewe. Chini alizima, akamkabidhi kijana ufunguo.

"Inapanda ukuta, sivyo?" alimwambia. "Basi ipeleke ukutani. Mimi nina mlima."

Mama Moshi alirudi yadini peke yake, Dereva akiwa bado nyumbani na uso wake uliovimba. Kijana akauliza mzee yuko wapi. Akajibiwa kwamba mzee hahitajiki, anayepanda ni huyu hapa. Mama Moshi aliondoa kile kitambaa juu ya mashine ya rangi ya maziwa, akakitupa kwenye changarawe. Alipima upana wake kwa fimbo aliyokuwa ameikata kwa kipimo cha nafasi iliyo kati ya majabali mawili ya njiani kwake. Ikapita. Akataka aoneshwe gia ya polepole, ile ya mlimani. Nyuma ya yadi palikuwa na kilima cha kifusi. Akaipandisha, akaigeuza, akaiachia ishuke bila kugusa breki. Ikashuka kwa mwendo wa mtu anayetoka msibani, injini inaguna, inajishika yenyewe.

"Ina sura mbaya," muuzaji alikiri, maana sasa alikuwa amejifunza kusema kweli.

"Siendi kuiposa," akajibiwa.

Dereva alipoiona alisema ni mwendo wa kobe. Aliendelea kusema hivyo mpaka mavuno yalipofika.

Siku ya mavuno jirani mwenye mbuzi alikuja na ngazi yake kama walivyoafikiana, akaketi mwanzo wa njia. Mama Moshi aliegesha kwenye jiwe bapa, akazima injini, akamalizia kwa miguu na moshi wake. Alirina taratibu, akafunga ndoo nne, akashuka kwa gia ya mlimani. Alipofika chini, jirani aliinuka, akagonga kifuniko cha ndoo ya kwanza kwa kucha, akasikia imejaa. Akabeba ngazi akaenda zake. Msimu huo zilishuka ndoo kumi na nane, na pengo la mzinga ule mmoja lilionekana.

Dereva sasa anafyeka. Kila wiki anapita njiani na panga, anakata matawi yanayogonga keria, anasogeza mawe. Hasemi kwamba ni adhabu na mkewe hasemi kwamba ni msamaha. Akiwa na watu huwaambia kwamba mashine ile walichagua pamoja. Mkewe akisikia, hukohoa.

Ameomba mara kadhaa ajaribu kuiendesha, akataja miaka yake yote ya lori. Ufunguo Mama Moshi anaufunga kwa kamba ndani ya vazi la kurinia, mahali ambapo, anasema, mume mwenye akili hapeleki mkono bila kukaribishwa, na mume wake kwa sasa hajakaribishwa.

Leo kazi imekwisha mapema. Ndoo zimeshushwa na kufunikwa, na jasho linakauka shingoni mwake. Anatazama juu, kule kinjia kinakopita mizinga yake na kupotea nyuma ya kilima. Tangu akiwa msichana amepanda hapa, na siku zote ameishia mizingani kwa sababu ya mzigo wa kurudi nao. Hajui upande wa pili kuna nini. Nyuki wake wanajua, ndiko wanakoitoa ile asali nyepesi yenye rangi ya chai.

Mpango wake ni kutundika mizinga mipya huko, akianza na mmoja wa kuziba pengo. Ila kabla ya kazi anataka siku moja ya bure. Apande bila ndoo, bila bomba, bila panga, aende mpaka ng'ambo akaone maua, ashuke jioni akiwa hana kitu cha kumwagika.

Dereva, aliyekuwa ananoa panga, anainua kichwa. Anauliza huko ng'ambo watakwenda lini.

Mama Moshi anapandisha mguu mzima kwanza, kisha ule wa goti bovu, anaketi, anawasha.

"Kiti ni kimoja," anamwambia.