Bustani Isiyopata Jua

Udongo usiopata jua una harufu yake. Watoto wa jirani walisema ni harufu ya uozo, lakini haikuwa hivyo. Ilikuwa harufu ya ubaridi, ya majani yaliyolalia majani mengine kwa miaka mingi, kama unapoingiza pua kwenye mtungi wa zamani uliokauka. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya ua wa nyuma ya nyumba yetu, Ng'ambo, mjini Tabora, enzi za Mwingereza, mwaka nilipotimiza miaka tisa. Upande wa mashariki ulisimama ukuta mrefu wa ghala la jirani. Pande nyingine zilishikwa na miembe mitatu, minene, ya tangu siku za misafara, iliyofungana matawi juu yetu ikawa kama paa. Saa sita mchana, wakati mchanga wa barabarani ulipounguza nyayo, uani kwetu kuku walitembea polepole kana kwamba jua limekwisha kuchwa. Hapakuota hata nyasi. Mama alipika mbele ya nyumba, akaanika nguo mbele ya nyumba, na mimi nikipeleka majivu kule nyuma nilimwaga upesi na kurudi mbio.

Baba yangu alikuwa fundi chuma. Karakana yake ilikuwa kibandani mbele ya baraza, na watu walitoka hata vijiji vya mbali kufuata majembe yake, kwa sababu hayakupinda. Mwisho wa kiangazi kimoja, kipande cha chuma kilichokuwa kikipigwa motoni kilimeguka kikamrukia usoni. Jicho la kushoto lilikufa siku ileile. La kulia lilibaki na ukungu, na likawa halistahimili jua hata kidogo. Akitoka mlango wa mbele machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Mjomba Masanja, mdogo wake mama, akashika nyundo ili tupate kula. Baba akachukua kigoda chake, akakipeleka uani, akakaa akiutazama ukuta wa ghala ambao hakuuona. Alikuwa mtu wa hadithi na vicheko, sasa ukimsemesha alijibu neno moja. Siku moja nilimpelekea uji, nikamsikia akimwambia mama, "Nimewekwa stoo pamoja na vyuma vibovu." Mama alimshikia bakuli, akasubiri mpaka uji ukaisha.

Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya Bi Zuwena, mama mtu mzima wa ukoo wa Waarabu wa Oman, ambao walifanya biashara mjini pale tangu mababu. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu asiyependa kitu kikae bure. Alikuja asubuhi moja na mwavuli wake mweusi, akapokea shikamoo yangu na ya mama, akapita moja kwa moja mpaka uani.

"Mama Kalunde," alisema, "ua huu hauna kazi. Mpwa wangu anatafuta mahali pa kuanikia ngozi za ng'ombe. Kivulini hukauka vizuri, hazikakamai. Nyinyi mtabaki na vyumba vyenu."

Mama alimtazama baba pale alipokaa, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, na mume wangu akae wapi?"

"Si ndani?"

"Ndani atakufa, Bibi. Jua halimfai na chumba hakimfai. Amebakiwa na hapa tu." Akamsogelea. "Nipe mvua za mwaka huu. Nitapafanya bustani."

Bi Zuwena alitazama juu kwenye majani, akatazama chini kwenye udongo mweusi. "Bustani ya nini, mwanangu? Hapa hata magugu yamekataa."

"Nipe mvua hizi tu."

Yule bibi alifungua mwavuli wake ingawa bado alikuwa kivulini. "Mvua zikiisha nitakuja kutazama. Na miembe usikate hata tawi moja. Aliipanda babu yangu."

Nilidhani mama alisema vile ili apate nafasi ya kufikiri. Sikumjua mama yangu. Kesho yake, kabla ya kwenda kuuza vitumbua, alikuwa uani na jembe. Jembe liligonga mzizi, akasogea. Likagonga mzizi mwingine. Mahali alipofanikiwa kulima alipanda mchicha, na maua ya rangi ya moto aliyoomba mbegu zake kwa mke wa mwinjilisti. Mvua za kwanza zikanyesha, mchicha ukaota, ukarefuka mwembamba kama uzi ukitafuta jua, ukalala chini ndani ya siku kumi. Maua yalitoa majani manne manne, yakageuka njano. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja wao, mama aliyekuwa na ulimi, alisema watu wote wanajua kwamba mchumia juani hulia kivulini, lakini hajapata kuona mtu anayetaka kuchuma hukohuko kivulini. Maneno yale yalifika kisimani kabla yangu. Wasichana wenzangu waliniita binti wa bustani, na nikaanza kwenda kuchota maji mchana wa jua kali ili nisikutane nao. Nilimwomba mama aache. Baba naye alimwambia aache. Mama alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akang'oa mchicha uliokufa na kuutupa kwenye shimo la majivu.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kitu kidogo. Siku moja mvua ilitukimbiza, mama akatupia kanga yake nyeupe kwenye kamba aliyoifunga haraka uani, chini ya miembe, badala ya ile ya mbele. Baba alikuwa kigodani. Akainua uso, akasema, "Kile cheupe ni nini?"

Mama alisimama na beseni mkononi. "Unakiona?"

"Naona weupe tu. Unatikisika."

Mama aliitoa kanga, akaipeleka kwenye ukuta wa ghala. "Na hapa?" Baba akaonyesha kwa kidole, na hakukosea. Mama akamzungusha ua mzima kwa ile kanga, huku nguo nyingine zikiloa mbele ya nyumba, wala hakujali. Wiki ile tulibeba udongo mweupe, ule ambao watu kwetu hupaka kuta za nyumba, tukaukoroga kwenye debe, tukaupaka ukuta wa ghala kuanzia chini mpaka pale mkono wa mama ulipofika akiwa juu ya pipa. Mwenye ghala hakukataa. Alisema ukuta wake haujawahi kupendeza hivyo. Ua ukapata mwanga usiotoka juani. Nakumbuka nilivyosimama mlangoni nikiona nyuso zetu kwa mara ya kwanza mahali pale.

Lakini ukuta si bustani. Jumapili iliyofuata mama aliniamsha mapema, tukashika njia ya zamani ya misafara kwenda Kwihara, alikozaliwa, yeye na jembe dogo, mimi na kapu. Nilifikiri tunakwenda kumwona bibi, mama yake. Tulimwamkia kweli, "Mwangaluka," tukanywa maziwa yake ya mgando, kisha mama akanipeleka chini ya mawe ya kilima, kwenye kijito kilichofunikwa na miti. Hakuchimba chochote mwanzoni. Alichuchumaa, akatazama. Nilichoka, nikalalamika, akasema, "Hapa pia hapana jua, Kalunde. Mbona pamejaa?" Basi nikachuchumaa na mimi. Tuliona kangaga, zenye majani kama manyoya ya ndege, zilizoota juu ya jiwe ambalo halikuwa na udongo wa kutosha kujaza kiganja. Tuliona majimbi yenye majani mapana kama ungo, yamesimama pale tu maji yanapotuama. Tuliona mmea wa majani marefu yenye madoadoa, aina ya mkonge wa porini, umejibana katikati ya mizizi ya mti bila kuusumbua mti wala kusumbuliwa nao. Hakuna hata mmoja uliokuwa na maua ya kutajika. Majani matupu, lakini kila moja kijani chake: kingine cheusi, kingine cha maji, kingine karibu na njano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile tuliinama mpaka migongo ikauma. Tulichimba machache ya kila aina, tukayafunga kwenye majani ya mgomba, tukayabeba vichwani hadi mjini.

Kuanzia hapo mama hakugombana tena na mizizi. Alikusanya vyungu vilivyovunjika mtaa mzima, akavipanga katikati ya mizizi, akajaza majani yaliyooza yenyewe pamoja na samadi, akapanda humo. Kangaga alizipachika kwenye mawe chini ya ukuta mweupe, ili vivuli vyake vionekane ukutani. Majimbi aliyapeleka kwenye kona iliyokuwa na matope, ile iliyokuwa ikimkera. Sokoni alinunua vipande vya tangawizi na mashina ya nanaa, akavizungusha karibu na kigoda cha baba. "Usichokiona utakinusa," alimwambia. Baba alinung'unika kwamba yeye si mbuzi wa kufugwa kwa majani. Hata hivyo nilimwona, alipodhani yuko peke yake, akifikicha jani la nanaa na kulipeleka puani. Mimi niliokota kokoto nyeupe, nikazipanga kutoka mlangoni mpaka kigodani zikawa njia.

Mimea ilikuwa imeanza kushika ilipokuja mvua moja ya alasiri, nzito, ya mawe. Paa letu halikuwa na mfereji, na maji yote ya upande wa nyuma yalimwagika uani kwa pamoja. Mama alikuwa sokoni. Nilisimama mlangoni nikiona kokoto zangu zikisombwa na vyungu vikipinduka, nikaanza kulia. Baba alisikia. Aliinuka kwenye kigoda akiwa ameloa mwili mzima, akaniita.

"Kalunde, acha kulia. Njoo nikushike bega. Maji yanaingilia wapi?"

"Kona ya nyumba, baba."

"Yanaelekea wapi?"

"Kwenye ukuta. Yanazunguka."

"Lete jembe. Nisimamishe pale yanapozunguka."

Nilimsimamisha. Jembe lile alilifua mwenyewe, na mikono yake ililijua. Alichimba mtaro huku akiniuliza, na mimi nikimjibu, kushoto, kulia, hapo pana mzizi, ruka, mpaka maji yakapata njia ya kutokea mtaani kati ya miembe. Mama aliporudi alitukuta tumejaa matope hadi kwenye nyusi. Alitazama mtaro, akamtazama baba, kisha akageuka upesi na kuingia ndani. Kesho yake baba aliingia karakanani kwa mara ya kwanza tangu aumie, kitambaa cheusi kimefunika macho. Mjomba Masanja alimfungulia madebe, na yeye kwa kupapasa akayakunja yakawa mfereji wa paa. Alijikata vidole mara mbili. Mfereji haukuvuja.

Nusu ya mimea ilikuwa imekufa. Tulikwenda tena Kwihara, mara mbili, na safari hizi baba alikuwa pamoja nasi, amevaa kofia pana, amefumba macho, mkono wake begani kwangu.

Mvua zilipokwisha Bi Zuwena alikuja kama alivyosema. Alisimama kwanza mlangoni. Majimbi yalikuwa yamemfikia mtu kiunoni, kangaga zimeshuka kutoka kwenye mawe, na chini ya ukuta mweupe kulikuwa na mtungi uliopasuka mdomo, umejaa maji, ukionyesha kipande cha anga kilichopenya kati ya matawi. Alifuata njia ya kokoto taratibu, akafika kwenye mtaro, akausimamia.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Mimi, Bibi," baba alisema.

"Kwa macho gani?"

"Kwa ya binti yangu."

Bi Zuwena aliketi kwenye kigoda cha baba bila kukaribishwa. Alikaa muda mrefu kuliko mtu aliyekuja kukagua. Mama alisimama karibu na mlango, mikono ameifumbata. Hatimaye yule bibi akasema, "Ngozi zitakwenda mtaa wa Gongoni. Mpwa wangu atanuna, atazoea." Alipokuwa akiondoka aliomba akatiwe nanaa ya kupeleka nyumbani, na chipukizi moja la lile jani la madoadoa.

Baba hakupona macho. Naliandika hili makusudi, kwa sababu wanangu nikiwasimulia huuliza kama bustani ilimponya, na ningetamani kusema ndiyo. Lile jicho la kulia lilififia mwaka hadi mwaka mpaka hata weupe likakosa. Lakini aliishi miaka mingi baada ya hapo, akikunja mifereji ya paa kwa kupapasa, na jioni watu walifika uani kumsikiliza na kucheka naye, hata yule mama mwenye ulimi.

Leo nimepita umri aliofia mama. Miembe mingi ya njia ya zamani imekatwa au imejifia, na mtu akisimama pale palipokuwa na ua wetu jua humpiga kichwani kama sehemu nyingine yoyote ya mji. Kivuli cha siku hizi kinatoka kwenye kuta. Ninakaa kwa mwanangu, kati ya nyumba mbili za ghorofa, na nyuma pana uchochoro wenye upana wa hatua nne ambao jua haliufikii tangu Januari mpaka Disemba. Fundi alipokuja kumaliza ujenzi alishauri pamwagwe saruji, kwa kuwa hapaoti kitu, na mwanangu alikuwa amekubali. Niliwaambia wote wawili waniachie. Magoti yangu hayachuchumai tena vizuri, kwa hiyo ninakaa juu ya ndoo. Mwaka jana nilipanda mimea kumi na miwili, ikafa tisa. Ile mitatu nimeitazama kwa muda mrefu, nimejua inapenda nini. Mvua zikianza, nitapanda mingine.