Beseni Lisilolia kwa Kapinga

Wewe unayesoma, umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya matope?

Ni Jumamosi, jua linachomoza juu ya mtaa wa Katuba. Martine Kapinga amekwisha kufagia uwanja wake, na sasa anaufagia tena. Amejifunga kile kitambaa cha kichwa cha kwendea misa. Mlango ameurudisha nusu, asije mtu akasema anangoja.

Anangoja. Mwisho wa barabara inasikika sauti ya kijiko juu ya beseni la enameli: kwa, kwa, kwa. Ni Constance Nkandu, mke wa fundi wa reli, anawaita wanawake waende kusafisha mto. Beseni linalia kwa jirani wa kushoto. Linanyamaza. Linalia tena kwa jirani wa kulia.

"Angalia ile mabuti," Kapinga anasema, jicho kwenye upenyo wa mlango. Constance amevaa mabuti ya mpira ya mumewe, yanamfika magotini. "Anatembea sawa bwana mukubwa. Na mabuti yenyewe hata si yake!"

Kapinga ni mjane wa miaka thelathini na minane, kazi yake ni kufua. Huchukua nguo za familia za mtaa wa Makomeno, faranga ishirini kwa kifurushi, na sabuni ni juu yake. Majirani humwita mama Mujinga, kwa jina la binti yake wa pekee, jina la kwao, si tusi.

Tangu vita vya mwaka jana robine, yaani mabomba ya maji ya mtaa, hukauka siku nzima, hata wiki. Watu wakarudi mtoni. Lakini mto ulikuwa umegeuka jalala: makopo, maganda, mihogo iliyolowekwa ikavundia humo humo. Msimu wa mvua uliopita Mujinga aliharisha mpaka macho yakaingia ndani.

"Nilimushika hivi," anasema mama yake, akikunja mikono kifuani kana kwamba mtoto bado yumo. "Alikuwa mwepesi sawa nguo kavu."

Kwa hiyo habari ya kusafisha mto ilipomfikia, alifurahi kuliko wengi. Aliletewa na Ngalula, jirani yake, maana kwenye mkutano wa kulipanga jambo hilo hakualikwa. Wanawake walikuwa wamekubaliana: mihogo ilowekwe kwenye mashimo mbali na mto, wachotaji wabaki juu, wafuaji washuke chini ya daraja. Siku ile ile Kapinga akajitwika jiwe lake la kufulia, akalishusha chini ya daraja. Hakuna aliyemwambia aksanti. Na beseni halikuja.

Ngalula humtania, akimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, enda tu! Mayi haina na mwenyewe."

"Siendake kule habakuniita."

"Basi acha kununa."

"Nani ananuna?"

Makosa ya Constance anayakagua moja moja, kama anavyokagua vifungo vya mashati. Sauti yake kubwa. Kitenge kipya. Na wauza mboga siku hizi wanavyomsalimu: mama wa mto.

"Mama wa mto!" anasema Kapinga. "Mto ilimuzala yeye?"

Linalomuuma zaidi ni kwamba maji yamekuwa mazuri kweli. Mchanga wa chini unaonekana. Mujinga ananywa na anacheza. Kila akimwona mtoto ameinamia kikombe, Kapinga anashukuru, halafu anakumbuka ni mikono ya nani iliyosafisha, na shukrani inachacha mdomoni.

Leo, beseni likisha kupita, yuko chini ya daraja, amepiga magoti, anasuuza mashuka meupe ya mwalimu mmoja wa Makomeno. Juu kule wanawake wanang'oa matete. Wanacheka. Kicheko kinamfikia kwanza, kisha matope: maji mazito, rangi ya kahawa, yanapita juu ya shuka na kulala humo.

Kapinga analinyakua shuka, anapanda ukingo huku likimdondokea miguuni.

"Mama Nkandu! Angalia kazi yako!"

Wanawake wanaacha matete. Constance anatoka majini, mabuti yakikoroma.

"Pole, mama Mujinga. Hatukujua kama uko chini."

"Hamukujua! Si ni nyinyi mulinishusha?"

"Leta, nitalifua mwenyewe."

"Usiguse kazi yangu!"

Katikati ya mto Ngalula anajipangusa uso kwa kiwiko. "Yaya, sema kile kinakuuma. Si ile shuka."

Kapinga analikamua shuka mpaka vidole vinakuwa vyeupe.

"Kwa nini beseni inaruka kwangu?"

Constance anashangaa. "Mulango yako, kila Jumamosi iko nusu ya kufungwa. Nilisema hautaki. Tena kwa mukutano bamoja balisema sabuni ndo inachafua mayi. Niliwaza, nikikuita, batakunyooshea kidole mbele ya bote. Nilikuonea haya."

"Ile haya ni yangu. Uliniuliza?"

Constance anaangalia mabuti yake.

Kapinga analitandaza shuka juu ya majani, analinyoosha pembe, taratibu, kana kwamba ni safi. Anapoinuka, sauti imeshuka.

"Miye, mama Nkandu, nilitaka upige beseni kwa mulango yangu. Upige na nguvu, upaze na jina langu, bantu ya barabara yote basikie. Ndo ile tu nilitakaka."