Flashi Moja kwa Nyimbo Zote

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya tisini, Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Nachingwea alinipa pamba na spiriti, akaniambia nisafishe jicho. Nikadhani ananitania. Kumbe jicho ni ile lenzi ndogo ndani ya deki, inayosoma CD kwa mwanga. Vumbi letu la kiangazi likiikalia, muziki unakwamakwama. "Ukilisugua umeliua," alisema. "Gusa kama unamfuta mtoto tongotongo." Miaka mingi nikafuta tongotongo za madeki ya watu, na niliipenda kazi ile. CD uliishika mkononi, ukajua unaweka nini, na ikiisha ilinyamaza.

Baadaye Fundi Mkuu akanihamishia Ruangwa nikasimamie tawi. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekolea, deki zenye tundu la flashi zimeingia, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Kwenye kompyuta kila wimbo unageuka faili, na mafaili unayapanga kwenye mafolda, kama nguo kwenye masanduku. Wateja walileta CD zao nizihamishie kwenye flashi, lakini nani alinisikiliza? "Fundi, mwaga humo humo," walisema, halafu CD wakaenda kuzining'iniza shambani zifukuze ndege kwenye mtama.

Mzee Nambunga wa Chinongwe ndiye aliyenimaliza kabisa. Alileta kaswida zake, na dansi, na chini ya mfuko CD ya mkewe, ambaye ni kungwi, yenye nyimbo za unyago alizoimba mwenyewe. Kwa nyimbo hizo wanawake huwafunda wari mambo ya chumbani, mlango umefungwa. Mwanamume hazisikilizi, sembuse mkwe.

"Mzee, hii tuiweke kwenye flashi yake peke yake," nikamwambia. "Deki ikimaliza kaswida haisimami. Inaendelea na chochote kilichomo."

"Flashi mbili za nini? Nyie mafundi mnapenda kuuza."

"Basi chukua hii yangu, bure."

"Weka zote humo, bwana. Deki yangu naijua mwenyewe."

Wakaja wakwe kutoka Nambambo kumposa binti yake, Zuhura. Mzee akaweka kaswida, watu wazima wakawa wanaongea kwa staha. Kaswida zikaisha, deki ikaendelea. Baba wa kijana amekaa uso kwa uso na mama wa binti, na sauti ya mama huyo huyo inatoka kwenye spika ikifundisha yasiyosemeka. Rimoti haina betri. Mzee akabonyeza kila kitufe isipokuwa cha kuzimia. Wageni wakainuka, wali wakauacha.

Kesho yake Mzee akaja pale tawini, akanisimulia yote. Nilitegemea aniombe radhi.

"Fundi, twende Nambambo," akasema. "Ukaseme umechanganya wewe."

"Mimi?"

"Wanasema nyumba yangu haina adabu. Wakisikia ni kosa la fundi, watarudi. Zuhura tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikafunga duka, tukapanda gari.

Kule Nambambo nikakaa mkekani mbele ya wazee, nikasema ni mimi niliyechanganya nyimbo, wenye nyumba hawakujua lolote. Baba wa kijana akanitazama sana. "Fundi gani wewe?" akauliza. Nikainamisha kichwa, na roho ilikuwa inaniuma, kwa sababu jina langu ndilo lilikuwa kazi yangu. Wakwe wakaridhika, posa ikaendelea. Habari zikamfikia Fundi Mkuu, akaniondoa tawini nikarudi Nachingwea kufuta lenzi mbele ya macho yake. Sikumweleza ukweli. Nambambo si mbali na Nachingwea, na neno moja tu lingeivunja ndoa ile.

Sasa nimestaafu. Zuhura ana watoto wakubwa, na kila msimu huniletea mbaazi, akanipa shikamoo, tusiseme zaidi ya hapo. Baba yake naye alikuja nyumbani juzijuzi na simu mpya, anataka nyimbo zake zihamie humo. Akanikabidhi flashi ile ile.

"Ila safari hii, fundi," akaniambia, uso mkavu, "usichanganye."